Maswali ya Wasomaji: Kwotabeki Hajui, au Kocha Kamfunga Mikono?

Barua za mwezi huu zimejaa mpira wa Kimarekani, hasa ule wa vyuo vikuu. Kumbe mnaoufuata mko wengi, wengine kwa sababu ya ndugu wanaosoma huko, wengine kwa sababu ya simu tu. Kwa asiyeujua: timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi. Ikifika inapewa manne mengine, ikishindwa inaachia mpira. Kwotabeki ndiye anayeupokea kila jaribio linapoanza, akamkabidhi mkimbiaji, akamrushia mpokeaji, au akaondoka nao mwenyewe. Mbele yake kuna ukuta wa watu watano wa kumkinga. Barua karibu zote zinauliza jambo moja: mambo yakiharibika, alaumiwe nani?

Assalamu alaikum. Mtoto wa kaka yangu anasoma Ohio, na Jumamosi tunakaa maskani kuiangalia timu ya chuo chao kwenye simu. Juzi walikuwa jaribio la tatu, bado yadi 12. Kwotabeki akatoa kipasi cha yadi tatu pembeni, wakaishia hapo. Maskani nzima inasema kijana mwoga. Mimi nasema kaambiwa. Nani mkweli? — Ami yake, Jang'ombe

Wa alaikum salaam. Kwa kipasi kimoja hakuna wa kumshinda mwenzake, ila wewe umekaa karibu zaidi na ukweli. Katika vyuo vikuu mipango ya kila jaribio karibu yote hutoka kwa makocha, mara nyingi kocha wa mashambulizi, ama yuko juu kwenye chumba cha vioo ama amesimama kando ya uwanja. Tangu msimu wa 2024 timu za daraja la juu zimeruhusiwa kumwekea mchezaji mmoja kipokea sauti ndani ya kofia. Saa ya kuanzisha mpira ni ya sekunde 40, na sauti hukatwa zikibaki 15, au mpira ukianzishwa kabla ya hapo. Kwa hiyo kocha ana kama sekunde 25 za kusema lake, kisha kijana anabaki peke yake na kelele za uwanja.

Katika hizo 15 anaweza kufanya nini? Inategemea amepewa ruhusa gani. Wako wanaoruhusiwa kuufuta mpango wote na kuita mwingine wakiona ulinzi umejipanga vibaya kwao. Wako wanaoruhusiwa kugeuza upande tu, wa kulia uwe wa kushoto. Na wako wasioruhusiwa kitu: timu inajipanga, halafu wote wanageuza shingo kumtazama kocha, naye ndiye anayebadilisha kwa ishara. Hilo utaliona kwa macho yako. Kwa timu ya namna hiyo, usimsifu kijana kwa kubadili mpango wala usimlaumu kwa kutobadili.

Sasa kipasi chenu. Rudisheni video, na safari hii msimtazame kwotabeki, watazameni wengine. Kama watu wawili watatu wa ukuta waliacha kukinga wakakimbilia ule upande ulioendea mpira, na wapokeaji wengine walikuwa wakiwazuia walinzi badala ya kwenda mbele, hiyo ni pasi iliyopangwa iwe hivyo. Kocha aliitaka, na yadi tatu zile ni zake. Kama wapokeaji wengine walikwenda zaidi ya yadi 12 na mpira ukaishia kwa yule wa akiba wa karibu, tazameni kichwa cha kijana. Kikianzia mbele, kikahamia kwa wa pili, kisha kikashuka kwa wa akiba, amefanya alivyofundishwa: mbele palizibwa. Kikianzia kwa wa akiba na kuishia hapo hapo, basi maskani wana hoja.

Na angalieni ubao wa matokeo kabla ya kumtafuta mwoga. Timu ikiwa tayari imefika karibu kiasi cha kupiga teke la pointi tatu, kocha mwenye uongozi mdogo anaweza kuita kipasi kifupi kwa makusudi, ili asiangushiwe mtu nyuma akaikosa ile nafasi ya teke. Haipendezi kutazama, lakini si woga wa kijana.

Yakhe, nielezeni. Kwotabeki wangu anafikisha pasi 72 katika kila 100. Wenzangu kwenye kahawa wanasema hizo ni namba za kocha, si zake. Namba inakuwaje ya kocha? — Mpenda hesabu, Wete

Inakuwa, tena sana. Asilimia ya pasi zilizofika haisemi zilirushwa umbali gani. Kumsifu mtu kwa hiyo peke yake ni kumsifu mvuvi kwa idadi ya samaki bila kuuliza ni dagaa au nguru. Kocha akiita pasi kumi za pembeni nyuma ya mstari wa kuanzia mpira, mpira unasafiri yadi chache, hakuna mlinzi karibu, tisa zinafika. Kazi iliyobaki ni ya miguu ya mpokeaji.

Hatua ya kwanza ni kugawa yadi kwa pasi alizojaribu. Kwa vyuo vikuu, chini ya 6.5 ni dhaifu, kati ya 7.5 na 8.5 ni nzuri, 9 kwenda juu ni ya wachache. Mwenye asilimia 72 na yadi 6.3 kwa pasi anabebwa na vifupi. Mwenye asilimia 62 na yadi 8.8 anafanya kazi ngumu zaidi, hata kama kwenye kahawa anaonekana mbaya.

Lakini hata hizo yadi zina mchanganyiko. Pasi ikirushwa yadi moja nyuma ya mstari na mpokeaji akakimbia 60, mrushaji anaandikiwa zote. Ndiyo maana wanaofuatilia kwa makini hutenganisha yadi ambazo mpira umesafiri hewani na yadi za baada ya kudakwa. Ukipata takwimu zenye mgawanyo huo, soma hizo kwanza.

Iko pia alama rasmi ya warushaji wa vyuo vikuu. Zidisha yadi kwa 8.4, tachidauni (pasi zilizofikisha mpira sehemu ya mwisho ya uwanja) kwa 330, pasi zilizofika kwa 100. Jumlisha. Toa 200 kwa kila mpira ulionaswa na wapinzani. Gawa kwa pasi zilizojaribiwa. Ukiikagua utaona tachidauni moja ina uzito wa yadi 39 hivi, hata kama ilikuwa kipasi cha yadi moja mlangoni. Kocha anayependa kurusha badala ya kukimbiza mpira akifika karibu na mstari wa mwisho anampandishia kijana wake alama bila kijana kuongeza ufundi wowote.

Mtego mbaya kuliko yote ni wa kuangushwa. Kwenye vyuo vikuu, kwotabeki akiangushwa na mpira mkononi, yadi alizopoteza huhesabiwa kwenye mbio, si kwenye pasi. Ndiyo maana unaona mtu kaandikiwa mbio tisa, yadi kasoro 12, ukadhani hajui kukimbia, kumbe kaangushwa mara tano. Rekebisha mwenyewe: chukua pasi 30, yadi 240, hiyo ni 8 kwa pasi, inapendeza. Sasa ongeza kuangushwa mara tano kwa hasara ya yadi 35. Zinabaki yadi 205 kwa majaribio 35, yaani 5.9. Mtu yule yule, mechi ile ile.

Mwisho, toa pasi za robo ya nne ambapo timu moja inaongoza kwa zaidi ya pointi 21. Ulinzi wakati huo unaachia vifupi ili saa iende.

Kuangushwa ni kosa la ukuta au la kwotabeki? — Mkoani

Tumia saa ya simu. Anza kuhesabu mpira unapoanzishwa. Akiangushwa kabla ya sekunde 2.5 na mtu aliyepita bila kuguswa, kosa liko kwenye ukuta au kwenye mpango. Akiwa amekaa nao zaidi ya sekunde tatu na hakuurusha nje wala hakusogea, mara nyingi ni lake.

Kisha hesabu wavamizi, yaani walinzi wanaomkimbilia kwotabeki. Wakija sita na wakingaji ni watano, huyo wa sita hana mtu. Kwotabeki anatakiwa amshinde kwa kutoa mpira haraka. Hapo ndipo kocha anaingia: je, kulikuwa na mpokeaji yeyote aliyegeuka kabla ya yadi sita? Kama wote walikuwa wanakimbia yadi 15 na zaidi, kijana hakuwa na pa kuutoa, na mpango ulikuwa mbovu kabla haujaanza.

Tazama pia kina. Wakingaji wa pembeni hufundishwa kumsukuma mvamizi apite nyuma ya kwotabeki. Kijana akiendelea kurudi nyuma hadi yadi 10 au 11, anakwenda kujikabidhi kule kule mvamizi anakosukumwa. Ukiona ameangushwa yadi 12 nyuma, usiulaumu ukuta haraka. Alitakiwa apige hatua moja mbele.

Mimi ni mwanafunzi, Tunguu. Nimechoka na mabishano ya maneno. Nataka njia ya kuangalia mechi nzima na kuamua kwa karatasi, sehemu gani ni ya mchezaji, sehemu gani ni ya kocha. — Msomaji

Kwanza usingizi. Mechi za saa sita mchana za upande wa mashariki wa Marekani kwetu ni saa moja usiku. Baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, wao wanaporudisha saa nyuma, ni saa mbili. Za saa moja na nusu jioni kwao zinaanza saa nane na nusu usiku kwetu. Za namna hiyo usizichambue zikiwa moja kwa moja. Subiri marudio, kwa sababu kazi yenyewe inataka kurudisha nyuma, na matangazo ya mechi nzima huchukua zaidi ya saa tatu.

Chukua karatasi, mstari mmoja kwa kila pasi. Andika jaribio la ngapi na yadi ngapi zimebaki, wavamizi wangapi, sekunde ngapi mpira ulikaa mkononi, ulirushwa yadi ngapi kutoka mstari wa kuanzia, ulifika wapi kwenye mwili wa mpokeaji. Matokeo usiyaandike. Ndiyo, acha kabisa nafasi ya matokeo hadi mwisho, maana ukishajua ilikuwa tachidauni jicho lako limeshanunuliwa.

Kila pasi itazame mara tatu. Ya kwanza miguu na kichwa cha kwotabeki. Ya pili ukuta. Ya tatu wapokeaji, na hapa kamera itakusumbua, kwa sababu picha ya kawaida huwakata walioko mbali. Subiri marudio yanayopigwa kutoka nyuma ya goli. Yasipokuja, andika "sijui" na uendelee. "Sijui" nyingi kwenye karatasi ni dalili ya mchambuzi mzuri.

Kwenye upande wa mchezaji weka mambo ambayo ni yake kwa mpango wowote ule. La kwanza ni mpira unapofikia. Mpokeaji anayevuka uwanja anatakiwa audake mbele ya kifua chake bila kupunguza mwendo. Akisimama, akiruka, au akigeuka kuufuata nyuma, pasi "imefika" lakini imekula yadi kumi za kukimbia. Kwenye takwimu ni pasi safi, kwenye karatasi yako ni kosa la mrushaji. La pili ni wakati. Mguu wa nyuma unapokanyaga mwisho wa hatua zake, mpira uanze kutoka. Akirukaruka hapo mara mbili tatu ndipo arushe, amechelewa kuona. La tatu, macho: je, anaangalia mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho? Walinzi wa kati wanasoma macho hayo, na mipira mingi inayonaswa katikati ya uwanja huanzia hapo.

La nne ni mkono, na vyuo vikuu vina kipimo kizuri ambacho ligi ya kulipwa haina. Mistari miwili ya katikati inayoamua mpira uanzie wapi imeachana futi 40 kwenye vyuo, wakati kwenye ligi ya kulipwa ni futi 18 na inchi 6. Kwa hiyo mpira ukiwa mstari wa kushoto, upande wa kulia unabaki mpana zaidi ya yadi 33. Mpokeaji akienda yadi 12 kisha akakatia nje upande huo, kwenye takwimu ni pasi ya yadi 12, lakini mpira umesafiri hewani kama yadi 35, kutoka alikosimama kwotabeki. Ukining'inia tu, mlinzi anaupita mbele na kwenda nao hadi mwisho. Hesabu mara ngapi mechi nzima ile pasi imerushwa. Ikiwa sifuri, mechi tatu mfululizo sifuri, ama kijana hana mkono huo ama kocha anaamini hana.

Upande wa kocha tazama nafasi kati ya wapokeaji. Wawili wakiishia mahali pamoja, mlinzi mmoja anawatosha wote wawili, na hapo ama mpango ni mbovu ama mmoja wao kasahau njia yake. Likitokea mara moja ni mpokeaji, likijirudia ni kocha. Tazama jaribio la tatu lenye yadi nyingi: kuna angalau wawili wanaovuka alama ya kufikia? Tazama jaribio la kwanza: wamekimbiza mpira katikati mara ngapi mfululizo, wakati ulinzi umejaza watu wanane mbele? Hapo kocha ndiye anayemtengenezea kijana lile jaribio la tatu na yadi 11, kisha sote tunamlaumu kijana kwa kulikosa. Kwa maoni yetu hili ndilo kosa la makocha linaloonekana kidogo kuliko yote na linaloumiza kuliko yote.

Angalia pia chenga ya kujifanya anamkabidhi mkimbiaji kisha anarusha. Walinzi wa kati wakipiga hata hatua mbili mbele, nyuma yao panafunguka. Kama chenga hiyo imefanya kazi mara tatu kipindi cha kwanza na haikuitwa tena, andika jina la kocha.

Jambo jingine: makocha wengi huandaa mipango 15 hivi ya mwanzo kabla ya mechi, desturi iliyopewa umaarufu na kocha Bill Walsh alipokuwa na San Francisco 49ers ya ligi ya kulipwa. Timu inayofunga vizuri kwenye safari mbili za kwanza za kushambulia kisha ikafa, mara nyingi ina kocha anayeandaa vizuri na kujibu vibaya. Kwotabeki hawezi kuwa hodari dakika 12 na kusahau kurusha dakika 48.

Ugumu unaobaki, na hauondoki kwa karatasi yoyote, ni kuwa kocha anamwona kijana mazoezini siku zote za wiki, sisi tunamwona Jumamosi. Mipango mifupi inaweza kuwa uwoga wa kocha, na inaweza kuwa ni jibu lake la kweli kwa alichokiona Jumanne. Na ile mipango ya milango miwili, ambapo kijana anamsoma mlinzi mmoja kisha anaamua amkabidhi mkimbiaji au arushe, inakuchanganya zaidi, kwa sababu ukuta unakinga kama ni mbio (sheria ya vyuo inawaruhusu kusogea hadi yadi tatu mbele mpira ukiwa bado haujarushwa) na huwezi kujua kwa hakika ni nani aliyechagua. Kwa mipango hiyo mtazame yule mlinzi mmoja. Alikimbilia kwa mkimbiaji na mpira ukarushwa nyuma yake? Kijana kasoma sawa. Hilo tu ndilo lake.

Watu wanasema fulani ni "mtoto wa mfumo", ukimtoa kwa kocha wake hana kitu. Upo ukweli? — Chake Chake

Upo, ila lawama hiyo hugawiwa ovyo. Chukua chuo kimoja, Texas Tech, kinachojulikana kwa mashambulizi ya kurusha karibu kila mara. Mwaka 2003, chini ya kocha Mike Leach, B.J. Symons alirusha yadi 5,833 na tachidauni 52. Ligi ya kulipwa ikamchagua raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho. Miaka 13 baadaye, kwenye chuo kile kile, chini ya Kliff Kingsbury aliyekuwa mwenyewe kwotabeki wa Leach, Patrick Mahomes alirusha yadi 734 katika mechi moja dhidi ya Oklahoma, na bado wakafungwa 66 kwa 59. Timu ikamaliza msimu kwa ushindi mara tano na kushindwa mara saba. Walikuwapo waliosema ni mfumo tu. Akachaguliwa wa kumi mwaka 2017, na yaliyofuata mnayajua: akawa bingwa wa ligi hiyo zaidi ya mara moja.

Yadi zao zisingekutenganishia hao wawili. Ungelazimika kutazama zile pasi ambazo mpango umeshavunjika: ukuta umepasuka, mpokeaji wa kwanza na wa pili wamezibwa, kijana anakimbilia kushoto. Hapo hakuna kocha. Weka pasi hizo kwenye ukurasa wa peke yake.

Upande wa pili ni Joe Burrow, kwotabeki wa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana. Mwaka 2018 alifikisha pasi 219 kati ya 379, yadi 2,894, tachidauni 16, tano zikanaswa. Kwa ile hesabu ya juu inakuja 133.2. Wa kawaida. Mwaka 2019 akaja kocha Joe Brady kutoka New Orleans Saints ya ligi ya kulipwa kusimamia mchezo wa pasi pamoja na kocha wa mashambulizi aliyekuwepo, Steve Ensminger. Wapokeaji wakatawanywa uwanja mzima, mara nyingi watano wakitoka kwa pamoja. Burrow akafikisha 402 kati ya 527, yadi 5,671, tachidauni 60, sita zikanaswa: alama 202. Timu ikashinda mechi zote 15, fainali ikiwa 42 kwa 25 dhidi ya Clemson.

Basi ni Brady? Sehemu. Lakini wapokeaji Ja'Marr Chase na Justin Jefferson nao walikuwa wameiva mwaka ule, na Burrow alikuwa ameshakaa msimu mzima na timu. Mwaka 2020 Brady ameondoka, Burrow ameondoka, wapokeaji wakubwa wameondoka, LSU ikashinda tano na kushindwa tano. Anayekwambia anajua hasa ni kipi kati ya hivyo kilichobeba kingine, mwache amalize kahawa yake. Tunachoweza kusema ni kuwa ule usahihi wa kumpa mpokeaji mpira mbele ya kifua ulikuwepo 2018, kwenye mipango iliyompa nafasi chache za kuuonesha.

Akihama chuo, ndiyo tutajua? — Michenzani

Inasaidia, haitoshi. Jalen Hurts, kwotabeki wa Alabama, alitolewa mapumziko ya fainali ya Januari 2018, Alabama ikiwa nyuma 13 kwa 0 dhidi ya Georgia, akiwa amefikisha pasi tatu kati ya nane. Kwotabeki mwenzake Tua Tagovailoa akaingia, makocha wale wale, wakashinda 26 kwa 23 muda wa ziada. Ukisimama hapo utasema Hurts hajui kurusha. Mwaka 2019 akahamia Oklahoma kwa Lincoln Riley, akafikisha karibu asilimia 70 kwa yadi 3,851, wakati msimu wa 2017 alikuwa asilimia 60. Kocha mpya, ndiyo, lakini pia mtu aliyeongeza miaka miwili na aliyekwisha kukaa benchi. Kubadili kocha ni jaribio ambalo ndani yake vimebadilika vitu vinne kwa pamoja.

Sisi vijana 12 tunacheza ule wa vitambaa kiunoni, pwani, maji yakitoka. Mipira yetu mingi inapotea. Nahodha anayeita mipango anasema mkono wa mrushaji ni mbovu. Mrushaji anasema mipango mibovu. Mtuamulie kabla hawajapigana. — Jambiani

Mchezo wenu, ambao kumzuia mtu ni kumchomolea kitambaa, utakuwemo kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028, kwa hiyo mpime kwa vipimo vyake: watano kwa watano, uwanja wa yadi 70 kwa 25 pamoja na sehemu za mwisho, yaani mita 64 kwa 23. Kateni kamba ya mita 9 na sentimita 14, hiyo ni yadi 10, mpige nayo alama kwenye mchanga mgumu.

Anzeni na mpira. Ule mkubwa una urefu wa sentimita 28 hivi na uzito wa gramu 400 hadi 425. Ukilowa chumvi na mchanga unateleza, na kosa la mpira litaandikwa la mkono. Wekeni kanga kavu, ufutwe kila mara kabla ya kurushwa.

Siku ya kwanza hakuna walinzi. Mrushaji arushe 10 za yadi tano, 10 za yadi 12, 10 za yadi 20, kwa mtu anayekimbia. Hesabuni zilizofika kati ya kiuno na uso bila mpokeaji kupunguza mwendo. Tisa, saba na nne, mkono huo unatosha. Akipata tano kwenye zile za yadi tano, nahodha amesema kweli na mjadala umekwisha. Nusu ya kila fungu irushwe upepo ukimpiga usoni: wakati wa kusi mkirusha kuelekea Makunduchi, wakati wa kaskazi mkirusha kuelekea Paje. Mrushaji anayeshuka sana kwenye upepo mara nyingi anautoa mpira juu juu ukiwa unayumba. Vidole vikae kwenye nyuzi, utoke unazunguka.

Siku ya pili walinzi wawepo, nahodha aite mipango yake 10, lakini mrushaji asirushe. Mmoja ahesabu kwa sauti; ikifika tatu wote wasimame walipo, na mwenzenu aliyepanda juu ya ngazi au ukuta nyuma apige picha kwa simu. Angalieni picha kumi hizo: katika ngapi kuna mpokeaji aliye na hatua mbili za nafasi? Saba na zaidi, mipango ni mizima, mrushaji haoni au anachelewa. Tatu au nne, nahodha ndiye mwenye deni. Kisha rudieni mipango ile ile na mrushaji mwingine, mpira ukirushwa kweli. Naye akiipoteza vile vile, mna jibu la pili.

Tunachokisia kutoka kwenye barua yenu ni mipango mirefu. Mvamizi wenu anaanzia yadi saba na kwenye mchanga mgumu anafika kwa sekunde mbili na nusu hivi, na kwa sheria za kimataifa mrushaji haruhusiwi kuuvuka mstari na mpira aliouanza yeye. Wote wakikimbia yadi 20 hana pa kwenda. Kila mpango uwe na mtu wa yadi tano, mtu wa 10 hadi 12, mmoja mrefu, na mmoja anayevuka kutoka upande wa pili. Hata anayeanzisha mpira anaruhusiwa kupokea, na nahodha wengi humsahau. Mpeni yeye zile yadi tano, ageuke upande wa kulia wa mrushaji kama mrushaji wenu si wa mkono wa kushoto.